Pincus: Mtoto wa mwalimu wa kilimo aliyeleta kidonge cha uzazi wa mpango

WAKULIMA na wafugaji wengi hulijua jina la kampuni iliyotengeneza mbegu au dawa wanayonunua, lakini ni wachache wanaomjua mtafiti aliyehangaika maabara kwa miaka mpaka bidhaa ile ikafika dukani. Hali ni hiyo hiyo kwa vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo wengi tunaviita vidonge vya majira. Viko katika zahanati na maduka ya dawa, na kila mtu amewahi kuvisikia. Jina la Gregory Pincus, Mmarekani aliyeongoza utafiti wake, halijulikani.

Nimeona nieleze maisha yake katika kurasa hizi za biashara na kilimo kwa sababu habari za kidonge hicho zina mambo mengi ya shambani kuliko watu wanavyodhani. Ndani yake kuna shule ya kilimo, sungura, viazi vikuu vya porini, machinjio, na utajiri uliotokana na mashine ya kuvunia ngano. Kuna pia swali ambalo sisi wachumi wa kilimo hukutana nalo kila teknolojia mpya inapoletwa. Nani hubeba gharama ya majaribio, na nani hupata faida?

Kijiji cha wakimbizi

Pincus alizaliwa Aprili 9, 1903 huko Woodbine, katika jimbo la New Jersey. Woodbine kilikuwa kijiji kilichoanzishwa mwaka 1891 kwa fedha za tajiri wa Ulaya, Baron Maurice de Hirsch, ili Wayahudi waliokimbia mateso nchini Urusi wapate ardhi na kujifunza kilimo. Ardhi yake ilikuwa ya kichanga, na ilihitaji jasho jingi kabla ya kutoa mazao ya maana.

Baba yake, Joseph, alikuwa mwalimu wa kilimo na mhariri wa gazeti la wakulima. Mjomba wake, Jacob Lipman, alikuwa mtaalamu wa udongo aliyepanda cheo hadi kuongoza chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa kilimo cha New Jersey. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ambamo habari za mbolea, mbegu na mifugo zilikuwa mazungumzo ya kila siku.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1924 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Baada ya hapo alikwenda Harvard, ambako alimaliza shahada ya udaktari mwaka 1927. Kisha alisafiri kwenda Ulaya na kupita Cambridge, Uingereza, ambako wataalamu kama Francis Marshall na John Hammond walikuwa wakichunguza uzazi wa mifugo. Hammond ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa watu waliosukuma mbele uhimilishaji wa ng'ombe nchini humo.

Ni vizuri msomaji akaelewa kwamba wakati ule mambo mengi ya homoni za uzazi yalijulikana kwanza kwa wanyama wa kufugwa, na baadaye kwa binadamu. Mfugaji alitaka kujua ng'ombe anapata joto lini na kwa nini wengine hawashiki mimba. Maswali hayo yalilipiwa fedha za utafiti, wakati maswali ya uzazi wa binadamu yalionekana ni aibu kuyauliza hadharani.

Mayai ya sungura

Aliporudi Harvard, Pincus alichagua kufanya kazi na sungura. Sababu ni ya kitaalamu. Sungura jike hatoi yai mpaka apandwe, na baada ya kupandwa yai hutoka takriban saa 10 baadaye. Mtafiti anaweza kujua saa yenyewe ya kulipata yai, jambo ambalo kwa ng'ombe mwenye mzunguko wa siku 21 ni gumu zaidi.

Mwaka 1934 alitangaza kwamba ameyatungisha mayai ya sungura nje ya mwili, ndani ya chombo cha kioo, na kuyarudisha katika majike yaliyozaa. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake walionyesha kwamba yai changa likitolewa katika kifuko chake huendelea kupevuka lenyewe maabara. Mwaka 1936 alichapisha kitabu juu ya mayai ya mamalia. Alikuwa hajafikisha umri wa miaka 35.

Hata hivyo, sehemu ya kazi hiyo haikusimama muda mrefu. Mwaka 1951 iligundulika kwamba mbegu ya kiume lazima ikae kwanza kwa saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike ndipo iweze kuingia katika yai. Jambo hilo halikujulikana mwaka 1934, na wataalamu wakaanza kuwa na shaka kama kweli utungisho ule ulitokea katika kioo au ulitokea baadaye ndani ya mwili. Ushahidi usio na shaka ulipatikana mwaka 1959, na aliyeutoa ni Min Chueh Chang, mtafiti aliyefanya kazi chini ya Pincus mwenyewe.

Pia Pincus alikadiria kwamba yai la binadamu hupevuka katika chombo kwa takriban saa 12. Waliofuata hesabu hiyo walishindwa kulitungisha. Ni mwaka 1965 ambapo Robert Edwards wa Uingereza alionyesha kwamba huchukua takriban saa 37. Kwa kusahihisha hesabu hiyo, Edwards na wenzake walifungua njia iliyofikisha dunia kwa mtoto wa kwanza wa maabara mwaka 1978.

Magazeti ya Marekani hayakusubiri uthibitisho. Yaliandika kwamba mtaalamu wa Harvard anatengeneza viumbe visivyo na baba, na wengine walimchora kama mtu anayetaka kuondoa wanaume duniani. Harvard haikupendezwa. Ilikataa kumpa ajira ya kudumu, na mkataba wake ukamalizika mwaka 1937. Wapo wanaoamini kwamba ubaguzi dhidi ya Wayahudi, uliokuwa mkubwa katika vyuo vya wakati huo, nao ulichangia.

Kuanza upya Worcester

Aliyemwokoa ni rafiki yake wa masomo, Hudson Hoagland, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester, Massachusetts. Hoagland alichangisha fedha kwa wafanyabiashara na watu wengine ili Pincus apate nafasi ya kufanya kazi kuanzia mwaka 1938. Hakuwa na cheo cha maana.

Mwaka 1944 marafiki hao wawili walijitoa chini ya chuo na kuanzisha taasisi yao, Worcester Foundation for Experimental Biology. Mtaji ulitoka kwa wafanyabiashara na wananchi wa mji huo, na baadaye walinunua nyumba na kiwanja katika mji jirani wa Shrewsbury. Siku za mwanzo fedha zilikuwa kidogo mno. Hoagland alikata nyasi, mkewe alitunza hesabu, Pincus alisafisha vizimba vya wanyama, na Chang, msomi kutoka China aliyesomea uzazi wa kondoo Cambridge, alifanya pia kazi ya ulinzi usiku.

Taasisi ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa michango peke yake. Pincus alitafuta mikataba na kampuni za dawa, hasa G. D. Searle ya Chicago. Mwaka 1949 dunia ilikuwa imegundua kwamba homoni ya kotisoni inatuliza maumivu makali ya viungo, na kila kampuni ilitaka kuitengeneza kwa bei nafuu. Pincus alibuni njia ya kupitisha maji yenye kemikali ndani ya tezi za mifugo zilizochukuliwa machinjioni. Searle ilitumia takriban nusu milioni ya dola.

Mwaka 1952 kampuni shindani ya Upjohn ilitangaza kwamba ukungu, jamii ile ile inayoozesha vyakula, unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mradi wa Pincus ulikufa pale pale, na Searle ikabaki na kinyongo. Mtu mwingine angekata tamaa.

Viazi vikuu vya Meksiko

Wakati huo Pincus alikuwa tayari na swali jingine mkononi. Tangu mwaka 1937 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa wameonyesha kwamba sungura aliyechomwa sindano ya homoni ya projesteroni hatoi yai. Ni homoni ile ile inayoongezeka mwilini mwa jike mwenye mimba, na ndiyo sababu mwenye mimba hapati mimba nyingine juu yake. Kwa hiyo njia ya kuzuia mimba ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya miaka 10, lakini hakuna aliyeifanyia kazi.

Sababu moja ilikuwa bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 gramu moja ya projesteroni iliuzwa kwa takriban dola 80, kwani ilichujwa kutoka kwenye viungo vya wanyama kwa kiasi kidogo sana. Mkemia wa Kimarekani, Russell Marker, ndiye aliyeivunja bei hiyo. Alitafuta mimea yenye kemikali inayofanana na homoni, na mwaka 1942 akaipata katika viazi vikuu vya porini katika jimbo la Veracruz, Meksiko. Kwa kuwa kampuni za Marekani hazikukubali kuwekeza, alihamia Mexico City, akatengeneza kilo kadhaa za projesteroni katika maabara ndogo, na mwaka 1944 akashiriki kuanzisha kampuni ya Syntex.

Maelfu ya wanavijiji wa Meksiko walipata kibarua cha kuchimba mizizi hiyo msituni, hasa aina iitwayo barbasco. Bei ya projesteroni ilianguka. Kisha wanakemia walitengeneza aina mpya za homoni hiyo ambazo, tofauti na ile ya asili, hazipotezi nguvu zikimezwa. Syntex ilipata ya kwake mwaka 1951, na Searle nayo ikapata ya kwake baada ya muda mfupi. Kidonge kikawa kitu kinachowezekana.

Fedha za mashine ya kuvunia

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Pincus alikutana mjini New York na Margaret Sanger, mama aliyekwisha kupambana kwa karibu miaka 40 ili wanawake waruhusiwe kupanga uzazi, na ambaye aliwahi kufungwa kwa ajili hiyo. Sanger alitaka kidonge rahisi kumeza. Chama chake kilitoa ruzuku ndogo ya dola elfu chache tu. Chang akarudia majaribio ya sungura, na matokeo yakawa yale yale ya mwaka 1937. Searle ilipoombwa fedha ilikataa.

Juni 1953 Sanger alimleta Shrewsbury rafiki yake, Katharine McCormick. Mama huyu alikuwa mmoja wa wanawake wa mwanzo kuhitimu sayansi katika chuo cha MIT, mwaka 1904. Marehemu mumewe, Stanley, alikuwa mtoto wa Cyrus McCormick, mtu aliyeieneza mashine ya kuvunia ngano na ambaye biashara yake ilizaa kampuni ya International Harvester. Mashine zile zilipunguza vibarua mashambani na kuipa familia utajiri mkubwa. Stanley aliugua ugonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 40, na alipofariki mwaka 1947 mali ilibaki kwa mkewe.

McCormick aliandika hundi siku ile ile, na aliendelea kutoa kila mwaka. Kwa jumla alitoa takriban dola milioni 2. Hapakuwa na fedha za serikali. Katika jimbo la Massachusetts, ambako kazi hiyo ilifanyika, sheria ilikataza hata kugawa vifaa vya kuzuia mimba.

Kwa upande wa binadamu Pincus alihitaji daktari, na alimpata John Rock wa Boston, Mkatoliki na bingwa wa kutibu wanawake wasiopata watoto. Rock alikuwa amewapa wagonjwa wake 80 homoni ili kuzipumzisha ovari zao. Walipoacha, 13 walipata mimba ndani ya miezi michache. Dawa ile ile iliyowasaidia kuzaa ilikuwa, kwa muda walioitumia, imezuia mayai yao kutoka. Mwaka 1954 walianza kuwapa wanawake 50 homoni mpya za kumeza, baada ya Chang kupima takriban aina 200 kwa wanyama.

Majaribio ya Puerto Rico

Hapa ndipo habari hii inapokuwa nzito. Watafiti walihitaji wanawake wengi kwa muda mrefu, na Massachusetts haikuruhusu. Wagonjwa kadhaa wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, wanawake kwa wanaume, walipewa dawa hiyo. Hao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Kisha, Aprili 1956, kazi ilihamia Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, katika nyumba za watu wa kipato cha chini eneo la Río Piedras.

Wanawake wa pale walijitokeza kwa wingi. Wengi walikuwa na watoto wengi na kipato kidogo, na njia iliyotumika sana kisiwani ilikuwa kufungwa uzazi moja kwa moja. Walijua kwamba kidonge kinazuia mimba. Hawakuelezwa kikamilifu kwamba wao ni sehemu ya majaribio, wala hatari zinazoweza kuwapata. Taratibu za leo za kupata ridhaa zilikuwa hazijawekwa.

Msimamizi wa majaribio, Dk. Edris Rice-Wray, alitoa taarifa ya ukweli. Kidonge kilizuia mimba vizuri sana, lakini asilimia 17 ya watumiaji walilalamikia kichefuchefu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na ya tumbo. Kwa maoni yake, madhara hayo yalikuwa mengi mno dawa hiyo kukubalika. Pincus hakukubaliana naye. Aliona kwamba malalamiko mengi yanatokana na hofu, na kazi ikaendelea huko na Haiti.

Mwaka 1957 Serikali ya Marekani iliruhusu kidonge cha Searle, Enovid, kwa matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kikaruhusiwa kuzuia mimba. Kufikia mwaka 1965 wanawake wapatao milioni 6.5 wa Marekani walikuwa wakikitumia.

Enovid ya kwanza ilikuwa na miligramu 10 za projesteroni ya kutengenezwa na miligramu 0.15 za estrojeni. Kuanzia mwaka 1961 zilianza kutoka taarifa za watumiaji walioganda damu kwenye mishipa, na baadhi walifariki. Tafiti za Uingereza zilithibitisha uhusiano huo mwishoni mwa miaka ya 1960. Iligundulika pia kwamba dozi ndogo zaidi inafanya kazi ile ile. Vidonge vingi vya leo vya homoni mbili vina estrojeni isiyozidi miligramu 0.035, na ndiyo maana mtoa huduma makini hupima shinikizo la damu na kuuliza historia ya mteja kabla ya kumpa. Malalamiko yale ya asilimia 17 yalistahili kusikilizwa mapema.

Nani alipata nini

Hataza ya Enovid ilikuwa mali ya Searle, na faida ilikwenda huko. Pincus hakulipwa mrabaha kwa kidonge chochote kilichouzwa. Aliishi kwa mshahara na ruzuku, akisafiri kutoka nchi hadi nchi kueleza kazi yake. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na mwaka huo huo akachapisha kitabu juu ya udhibiti wa uzazi. Hakupata Tuzo ya Nobel. Alifariki mjini Boston Agosti 22, 1967 kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka 64. Taasisi yake iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1997.

Wachimbaji wa Meksiko nao hawakuwa na bahati. Waliuza mizizi mibichi kwa bei ya chini, na thamani iliongezwa viwandani. Mwaka 1975 serikali yao iliunda shirika la umma ili kupandisha bei, lakini kampuni zilikuwa zimekwisha kupata malighafi nyingine, ikiwemo soya. Mnunuzi mwenye mbadala hasumbuliwi na bei. Wakulima wetu wa pareto na katani wanalifahamu jambo hilo bila kufundishwa.

Mwaka ule aliofariki Pincus, Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, na kuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Tanzania huduma hizo zilianza Dar es Salaam mwaka 1959 kupitia chama ambacho leo tunakijua kama UMATI. Kwa mtazamo wa uchumi wa kaya, mama anayeweza kupanga mwaka wa kuzaa anaweza pia kupanga msimu wa kulima, ada za shule na mkopo wa kikundi. Faida hiyo haina ubishi.

Lakini deni kwa wanawake wa Río Piedras lipo. Walitoa miili yao kama mkulima anavyotoa kipande cha shamba kwa mbegu ya majaribio, bila kuambiwa yote na bila fidia kwa waliodhurika. Katika kilimo nasi tunaombwa kila msimu kujaribu mbegu, viuatilifu na chanjo za mifugo. Mkulima ana haki ya kuuliza kwanza kama bidhaa imeidhinishwa au bado inajaribiwa, hasara ikitokea italipwa na nani, na malalamiko yake yataandikwa wapi. Mtafiti mzuri atayajibu maswali hayo kabla ya kushusha mifuko ya mbegu kwenye gari.